Fedi ya chini ibaki chini

Katika saluni nyingi za kiume hapa Mwanza, kijana akishaketi kitini humpa kinyozi simu yenye picha ya kichwa cha mtu mwingine na kumwambia kwamba anataka kama hivyo. Kwa maoni yangu, picha hiyo ndiyo chanzo cha fedi nyingi mbaya (fedi ni mtindo wa kunyoa ambao nywele huanza fupi sana pembeni na nyuma, zikakolea taratibu kwenda juu) tunazokutana nazo kwenye daladala za Igoma na Kisesa, kwa sababu picha haimwambii kinyozi mstari uanzie wapi kwenye kichwa kilicho mbele yake. Kidole ndicho kinachomwambia. Mteja anayeweka kidole chake juu ya sikio na kusema “isipite hapa” amekwisha kutoa maelekezo ambayo picha kumi haziwezi kuyatoa.

Nasema hivyo kwa kuwa fedi ya chini ni mtindo wa vipimo vidogo sana. Nywele huanzia kwenye ngozi tupu, au karibu na ngozi, upana wa kidole kimoja hadi viwili juu ya sikio, zikakolea taratibu kadiri zinavyopanda, na kwa nyuma mstari huo huteremka ukafuata ukosi badala ya kukikata kisogo kwa usawa. Fedi ya kati huanzia karibu na usawa wa panja, na ya juu huvuka hapo ikauacha ubavu wote wa kichwa mtupu. Kati ya fedi ya chini na ya kati, basi, pana vidole viwili au vitatu tu, na kinyozi mwenye haraka huvimaliza vyote kwa mpito mmoja wa mashine.

Hilo lilinipata siku moja kabla ya harusi ya mdogo wangu, nilipoingia saluni niliyokuwa sijawahi kuifika. Niliomba fedi ya chini na kinyozi alianza vizuri, lakini upande wa kushoto ulibaki na mstari mweusi kati ya sehemu tupu na sehemu yenye nywele. Ili kuufuta, aliusukuma kwa mashine kwenda juu. Mstari ukahamia juu zaidi, naye akaufuata tena. Upande wa kulia ukabidi upandishwe ili ulingane na wa kushoto. Nilipoinuka kitini nilikuwa na fedi ya juu, na kovu nililolipata utotoni kwa kuanguka kwenye miamba ya nyuma ya nyumba yetu, ambalo nywele zilikuwa zimelifunika kwa miaka zaidi ya ishirini, lilikaa wazi katika kila picha ya harusi ile. Iliniuma, na tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama kwa makini sana kazi za vinyozi.

Kinyozi wangu wa sasa, mtu mzima mwenye kibanda Mabatini, ndiye aliyenionyesha mahali kosa lile linapozaliwa. Kabla ya kuwasha mashine hupapasa kwa kidole gumba mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha ule uvimbe wa mfupa wa kisogoni, na kazi yote ya chini huifanya chini ya alama hizo mbili. Hufunga kile kimkono kilicho ubavuni mwa mashine na kuchora msingi mwembamba. Hukifungua, akapanda upana wa kidole kimoja tu. Ndipo anapoweka kwenye mashine kitana cha namba nusu, kinachoacha nywele za milimita 1.5, kisha cha namba moja, kinachoacha milimita 3, na juu kabisa cha namba mbili, chenye milimita 6. Kila mpito ni wa kuchota: mashine hugusa kichwa, hupanda kidogo, kisha mkono huivuta nje kana kwamba inateleza kwenye mgongo wa sato. Asipochota, mstari hubaki. Mstari ukibaki, hauondolewi kwa kupanda juu, bali kwa kurudi chini yake na kukifungua na kukifunga kimkono polepole mpaka mstari uyeyuke. “Mdogo wangu,” aliniambia, “juu hapafutiki, ukishapachukua umepachukua.”

Kuhusu nani anafaa kunyolewa hivi, msimamo wangu ni kwamba fedi ya chini inawafaa wanaume wengi zaidi kuliko ndugu zake wawili, kwa sababu huacha nywele ubavuni. Mwenye uso mrefu na mwembamba akinyolewa fedi ya juu, uso huonekana mrefu zaidi. Ya chini humbakizia upana. Mwenye masikio yaliyochomoza hupata kivuli kidogo juu yake. Mwenye makovu au mabonde kichwani, na sisi tuliokulia juu ya miamba ya jiji hili si wachache, hubaki na siri yake. Mwenye uso wa duara ndiye anayehitaji uangalifu, kwani nywele za ubavuni humwongezea upana, hivyo aache za juu zirefuke kidogo ili kichwa kipate kimo.

Wapo hata hivyo wasiofaa kushushwa mpaka kwenye ngozi, nao hawaambiwi. Nywele zetu za kipilipili hujikunja tangu ndani ya ngozi, na zikikatwa fupi mno ncha yake huweza kurudi ndani na kuleta vipele. Kwenye ukosi, baadhi ya wanaume huota vipele sugu vinavyogeuka kuwa vinundu vigumu kama makovu, na kila wembe unaopita hapo huchochea hali hiyo. Mtu wa namna hii aombe nywele za nyuma zipunguzwe tu, zibaki angalau za namba nusu au moja, na akatae wembe kabisa. Vinundu vikiendelea kukua, awahi kwa daktari wa ngozi. Nimeona wateja wakipakwa spiriti juu ya vipele vinavyotoka damu na kuambiwa wavumilie, na sioni sababu yoyote ya kuvumilia jambo hilo.

Ni vyema pia mtu ajue gharama ya mtindo huu kwa siku. Nywele za kichwani hukua wastani wa sentimita moja kwa mwezi, yaani takriban theluthi moja ya milimita kila siku. Sehemu iliyonyolewa mpaka kwenye ngozi Jumamosi, ikifika siku ya tisa huwa na milimita 3, ambazo ndizo namba moja ile ile iliyokuwa juu yake. Ngazi mbili za chini zimekwisha kumezwa. Ndiyo maana fedi hudumu wiki mbili hivi, na asiyeweza kurudi kwa kinyozi kwa mpangilio huo, kama ndugu zetu wanaokaa visiwani Ukerewe au Ukara kwa wiki nyingi mfululizo, atanufaika zaidi na fedi isiyofika kwenye ngozi, inayokua bila kuonekana imeharibika.

Kwa upande wa juu sina mengi ya kudai. Namba mbili iliyosawazishwa inatosha kwa mtu wa ofisini. Anayependa vifundo vidogo atumie sponji kwa kuizungusha upande mmoja nywele zikiwa na unyevu kidogo, na anayetaka mawimbi apige brashi kila siku kutoka utosini kwenda nje, kisha alale na kitambaa kichwani. Mafuta yawe mepesi na machache. Mafuta mazito chini ya jua la soko la Mwaloni au kwenye foleni ya bodaboda hunasa vumbi, na kufikia jioni ile sehemu ya chini iliyokuwa safi huonekana chafu.

Jambo ninalolipinga kwa nguvu zote ni kuchonga paji la uso kwa kuusogeza nyuma mstari wa asili ili uonekane umenyooka. Kila safari wembe hula milimita moja au mbili, na baada ya miezi michache kijana wa miaka 20 ana paji la baba yake, huku vinyweleo vinavyochomoza mbele ya mstari huo vikimsaliti kila baada ya siku tatu. Mstari wa mbele ufuatwe ulipo, hata kama umepinda.

Usafi nautaja kwa ufupi kwa kuwa hauna mjadala: meno ya mashine yasuguliwe kwa brashi na kupakwa spiriti mbele ya macho ya mteja, na wembe ufunguliwe mpya. Mapunye huhama kichwa hadi kichwa kwa mashine chafu, na damu iliyobaki kwenye wembe inaweza kubeba virusi vya homa ya ini. Kinyozi anayekasirika akiombwa haya, mteja ana haki ya kuinuka.

Ombi langu la mwisho kwa vinyozi ni kioo cha pili. Nusu ya kazi ya fedi ya chini iko nyuma, pale mstari unapoteremka kufuata ukosi, na mteja hulipa bila kupaona. Yule mzee wa Mabatini ana kioo kidogo kilichovunjika pembe moja. Kabla ya kunifungua kitambaa shingoni, hukishika nyuma yangu, akakiinamisha mpaka mwanga wa mlangoni uangukie kisogoni, akanisubiri nitazame kushoto, kisha kulia, na hazimi mashine mpaka nimtikisie kichwa kwamba pako sawa.