Ndege wa Mida Hawafuati Saa ya Mkononi

Matembezi yetu ya kuangalia ndege pale Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, yalipangwa kuanza saa mbili asubuhi. Sababu ni ileile ya siku zote: ndege ni wa asubuhi. Kwa msituni, sawa. Ukichelewa Arabuko-Sokoke utaambulia majani matupu. Lakini Mida ni mkono wa bahari, na ndege wa matopeni hawana habari na jua. Wanafuata maji.

Ilikuwa Novemba, mwezi mpevu. Aliyekulia pwani ameshaelewa: bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na maji yakitoka yanatoka kwelikweli, hadi karibu adhuhuri. Tukapita daraja la mbao linaloyumba katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kuchungulia, watu kumi na wawili, darubini shingoni, orodha ya Kiingereza mkononi. Mbele yetu matope tu. Ndege walikuwepo, kama punje za pilipili manga zilizomwagika huko mbali. Kiongozi akataja majina, sisi tukaandika. Mimi niliandika saba ambao, nikiapishwa, sikuwaona.

Mzee mmoja aliyetoka kuchimba chambo akapita chini yetu, ndoo mkononi, akauliza tunatafuta nini.

"Ndege, baba."

Akacheka. "Rudini saa nane, wanangu. Maji yakijaa watakuja wenyewe."

Wengi walikuwa na safari zao, wakaondoka. Tukabaki watano na sambusa za kaa. (Kiingilio cha daraja husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya hapa, kwa hiyo tafadhali usiombe kupunguziwa.)

Saa nane ikatimia, na maji yakaanza kuwasukuma. Kila fungu la mchanga lilipozama, kundi liliruka na kutua karibu nasi zaidi: sululu wenye midomo iliyopinda, vitwitwi wadogo waliotoka kuzaliana Siberia, na kisha yule niliyemfuata mimi, mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene usiolingana na umbo lake. Huyu hutaga yai, kwa kawaida moja tu, jeupe, ndani ya shimo analochimba mchangani, kwenye fukwe za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia. Anatoka kulekule yalikotoka majahazi ya kaskazi.

Kiongozi wetu alikuwa akiwaita "wageni" asubuhi nzima, na neno hilo ndilo linaloniudhi. Mla kaa anaanza kuonekana kwetu Agosti na wengi huondoka Aprili. Hesabu mwenyewe miezi. Mtu anayekaa kwako muda wote huo, akala kaa wako, akaenda kwao kuzaa tu na kurudi, kwa Kiswahili gani anaitwa mgeni? Yule mzee hakuwaita hivyo. Alisema watakuja, kama anayewazungumzia majirani waliotoka kidogo. Kwa nini basi matembezi haya yanapangwa bila kumuuliza mtu kama yeye angalau saa ya maji?

Karibu kabisa na kibanda alisimama mla kaa mmoja mzima na mwanawe, bado wa kijivujivu, mkubwa kama mzazi. Amesharuka kutoka Uarabuni au Somalia kwa mabawa yake. Mzazi akavuta kaa kutoka matopeni. Mtoto akainamisha kichwa, akamkimbilia akilia, akalishwa.