Tani 285 za Maji Juu ya Lori

Tangu Jumatatu video ya mashine inayozoa gugumaji inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na chini yake ni vigelegele tu: Ziwa Victoria limepona. Limepona lini? Itazame tena, ila safari hii achana na mashine, angalia inakomwaga. Rundo limekaa hatua tatu kutoka majini, mizizi ingali mibichi. Mvua moja nzuri ya Kisumu na mzigo wote umerudi nyumbani.

Tupige hesabu. Hekta moja ya gugu lililoshonana, lile la kukwamisha boti, si ajabu iwe na uzito wa tani 300. Asilimia 95 ya mmea huo ni maji. Kwa hiyo tani 285 ni ziwa lenyewe, na 15 tu ndizo gugu. Kwa lori la tani 10 hizo ni safari 30, dizeli ikichomwa kusafirisha Nam Lolwe (ndilo Ziwa Victoria kwa Kijaluo) kuipeleka nchi kavu. Mwaka 1998 ghuba ya Winam, hii yetu ya Kisumu, ilifunikwa hekta zipatazo 17,000. Zidisha mwenyewe.

Tuseme basi mashine ni hodari, imesafisha hekta 90 kati ya 100. Hongera. Kwa joto la huku, gugumaji huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Zile 10 zilizobaki zinakuwa 20, 40, 80. Wiki ya nane haijaisha, ghuba imefungwa tena na mkandarasi anaandika barua ya kuongezewa muda. Hapo hata sijagusa mbegu, ambazo hulala kwenye matope miaka 15 na zaidi zikisubiri mwanga. Ukiondoa zulia la juu, umezifungulia dirisha.

Mashine za kusaga ndizo mbaya kabisa. Zinasaga palepale majini, maji yanaonekana, picha zinapigwa, wageni wa heshima wanaondoka. Majani yaliyozama huoza, yanamaliza hewa ya samaki, na nitrojeni na fosforasi iliyokuwa ndani yake inarudi majini kulisha kizazi kijacho.

Na fukusi je, wale wadudu wanaokula gugumaji, wamesahaulika? Waliachiwa upande wa Kenya mwaka 1997, aina mbili za Neochetina. Mdudu mzima hukwangua jani na kuliachia makovu. Buu hutoboa bua akishuka hadi kwenye kitovu cha mmea, maji yanaingia, mmea unazama wenyewe. Hakuna dizeli, hakuna zabuni. Udhaifu wao ni mwendo: kizazi kimoja kinataka miezi miwili mitatu. Sasa ukizoa kila kitu, umezoa na mabuu, na miche itakayochipuka itakuta uwanja hauna adui. Ndiyo maana mwenye akili huacha vipande vya pembeni, visivyo na njia ya boti, viwe zizi la fukusi. Lakini nani atarekodi video ya zizi la wadudu?

Haya, nakubali kwa shingo upande: mbele ya gati, kwenye bomba la kuvuta maji ya mji na njia ya boti za Dunga, mashine inahitajika. Fukusi wa miezi mitatu hamsaidii mvuvi aliyekwama leo. Ila mzigo ukishatoka majini, uvushwe mbali na pale mawimbi yanapofika, uanikwe siku kadhaa hadi unyauke, ukatwekatwe vipande vya urefu wa kidole, uchanganywe na samadi ya ng'ombe na kugeuzwa hadi rundo lipate joto la kuua mbegu. Wa biogesi nao wakate vilevile. Gugu likitiwa zima huelea, likafanya utando mgumu juu na kuziba mtambo.

Hata hivyo chakula cha gugu hili hakiko kwenye video yoyote. Kinateremka na mto Nyando, ambayo ikifurika hupaka ghuba rangi ya chai ya maziwa kwa udongo wa mashamba na mbolea yake. Kinaingia kwa mto Kisat pamoja na maji taka ya mji. Mashine gani inazoa hiyo? Kingo za mto zikipandwa matete na mafunjo, na maji taka yakisafishwa kabla hayajafika mtoni, gugu lingekonda. Hiyo ni kazi ya miaka, na haina utepe wa kukata.

Mengine ya wiki. Heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru eti "wametoroka". Hawakutoroka: ziwa limejaa, magadi yamezimuliwa, mwani wanaokula umepungua, wamefuata chakula Ziwa Bogoria.

Na bei ya omena, dagaa wa Victoria, "yapanda ghafla". Ghafla gani? Uvuvi wake hufungwa Aprili hadi mwisho wa Julai, kila mwaka. Aliyetaka gorogoro ya bei nafuu angenunua Machi, aianike tena juani siku nzima kabla ya kufunga gunia, maana ikibaki na unyevu itaota ukungu Aprili haijaisha.