Jua au sambaza: nani anayewakimbiza viumbe wadogo wa Ziwa Kivu?

Giza likiingia Bukavu, taa za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, huanza kuwaka moja moja ziwani. Sambaza hupanda juu usiku, na chakula chake kikubwa ni krasteshia wadogo, jamaa ya kamba na kaa, ambao wengi wao hawazidi milimita 2. Katika maziwa mengi duniani viumbe hawa hushinda chini mchana na kupanda juu usiku. Wataalamu wamebishana miaka mingi: wanamkimbia samaki mwenye macho, au wanaukimbia mwale wa urujuanimno (UV) unaotoka kwenye jua?

Wanaomtaja samaki wana ushahidi mzito hapa kwetu. Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Kabla yake, katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kuwawinda krasteshia hawa kwa wingi. Alipokwisha kuzaana, Dafnia, mmoja wa krasteshia hawa, aliyekuwa akiishi Kivu alitoweka. Mwaka 1986 mtaalamu Mbelgiji Henri Dumont aliandika kwa wasiwasi mkubwa juu ya jambo hilo, akihofia kuwa uvuvi wenyewe ungeporomoka. Hofu hiyo haikutimia: kopepodi, ndugu zake Dafnia, walibaki, na sambaza bado wanauzwa katika soko la Kadutu, Bukavu. Lakini Dafnia hakurudi, na hasara hiyo inaniuma.

Upande wa jua nao hauwezi kupuuzwa. Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta. Kila ukipanda mita 1,000, mwale huu huongezeka kwa takriban sehemu moja ya kumi, na tabaka la ozoni la ukanda wetu ni jembamba kuliko la nchi za baridi. Mnyama ambaye mwili wake unapenywa na mwanga kama kioo hana kivuli cha kujificha. Mwale unaingia mpaka kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli, na kuiharibu. Dafnia hata anauona mwale huo, ambao sisi hatuuoni, na ukimwangazia kwa nguvu huzama.

Kuzama si kinga pekee. Kopepodi hula mwani na kupata humo karotenoidi, rangi nyekundu ambayo hawezi kuitengeneza mwenyewe, akajivika kama koti. Dafnia wa Aktiki na wa milima mirefu hujivika melanini nyeusi, ingawa kila anapojivua gamba sehemu ya rangi hiyo huenda nalo. Shida ni kwamba aliyevaa rangi anaonekana. Ndiyo maana kopepodi wa maziwa yasiyo na samaki huwa wekundu, na wa maziwa yenye samaki huwa wamepauka. Huko Uswidi, Lars-Anders Hansson alionyesha kuwa kopepodi huongeza au kupunguza rangi kadiri ya hatari inayomkabili. Kwa hiyo mabishano yanakosea yanapotenganisha maadui hawa wawili. Samaki haishii kumla tu mnyama huyu. Anamvua mnyama koti lake, kisha jua linamkuta uchi.

Aliyepauka hubaki na njia ya kujitibu. Kuna kimeng'enya kinachorekebisha DNA iliyoharibika, nacho hutumia mwanga wa jua lilelile. Katika maji baridi ya milimani hufanya kazi polepole. Maji ya juu ya Kivu yana joto la nyuzi 23 au 24, na hilo linawapunguzia krasteshia wetu mzigo wa jua kuliko urefu wa milima yetu unavyotutisha.

Kwangu mizani inaegemea kwa samaki, na sababu yangu ni kina. Sehemu kali ya urujuanimno hufifia katika mita chache za kwanza za maji kama haya. Anayekimbia jua peke yake hana haja ya kwenda mbali. Anayekimbia macho ya sambaza lazima afike kwenye kiza, makumi ya mita chini. Na Kivu halimpi nafasi kubwa: chini ya mita 60 au 70 hakuna oksijeni, na majira ya mvua mpaka huo hupanda juu zaidi. Amebanwa kati ya dari yenye jua na sakafu isiyo na pumzi, na sambaza yumo katikati.

Mmarekani Craig Williamson na wenzake wanasema maji yakiwa maangavu jua ndilo linaloamua, yakiwa na ukungu samaki ndiye anayeamua. Kivu si tope, wala si angavu kama ziwa la barafu milimani. Anayetaka kunipinga ashushe wavu wa kunasia viumbe hawa wadogo saa sita mchana katikati ya ziwa, kina kwa kina. Akiwakuta wamejazana mita 8 au 10, nitakubali kuwa jua limeshinda. Akilazimika kufika mita 40, basi ni sambaza.