Saa Janja, Mvaaji Bwege

Leo nimeamka mwepesi kama unyoya. Nimejinyoosha, nimepiga miayo miwili ya raha, nikajiona kijana. Kisha nikafanya kosa la kutazama mkono. Saa janja ikaniambia nimelala vibaya: alama 54 kati ya 100. Tangu hapo mgongo unaniuma.

Niliitaka mwenyewe, simlaumu mtu. Na kusema kweli kuna jambo moja inaliweza: kuita simu iliyopotea humu humu ndani. Nabonyeza, simu inalilia kule chini ya mto. Simu ikiwa imezima, basi mimi na saa tunatazamana.

Kazi isiyoiweza ni kutaja saa. Jirani anauliza, "Saa ngapi, bwana?" Nainua mkono kwa madaha. Kioo giza. Nautikisa. Giza. Nakigusa, kinaniletea hali ya hewa. Nikifika kwenye saa yenyewe, imeandika 16:20, nianze kutoa sita kichwani kama mtoto wa darasa la pili, na jirani keshachungulia simu yake kaondoka.

Hatua ndiyo usiseme. Hizi 10,000 tunazozikimbiza hazikutoka kwa daktari. Zilitoka kwenye jina la kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, manpo-kei, yaani kipima hatua 10,000. Jina la kuuzia bidhaa, tena la zamani hivyo, ndilo linalonizungusha sebuleni saa tano usiku kama mchawi! Na kinachohesabiwa ni mtikisiko wa mkono. Juzi nimesukuma gari lililozimika, viganja vimeng'ang'ania buti, jasho mpaka kwenye soksi: hatua tatu. Jioni nikafua mashati nimekaa kwenye kigoda, nikapongezwa kwa matembezi.

Hayo yote niliyasamehe mpaka Jumapili.

Chaja yake ni ile ya sumaku, isiyoingiliana na kitu kingine chochote duniani. Ikapotea. Nikauliza, hakuna aliyejibu. Nikaona heshima ya baba mwenye nyumba inataka kusimamishwa. Nikapiga meza kwa kiganja, paa! Halafu nikakaa kimya, macho mbele, sitingishiki, ili uzito wa jambo uwaingie.

Sasa, saa hizi zina akili ya kutambua mtu akianguka. Mkono ukienda kasi ukagonga kitu, kisha mwenye mkono asisogee, yenyewe inahitimisha: huyu kaanguka, kazirai. Ikatetemeka. Nikaipuuza, maana hutetemeka mchana kutwa kuniambia nisimame. Ikapiga king'ora. Nikaendelea kutotingishika; mtu ukishanuna huwezi kukatisha katikati. Ikatuma ujumbe kwa mtu wangu wa dharura, na ramani juu.

Mtu wangu wa dharura, kwa maelekezo ya mke wangu siku tuliyoiwasha, ni mama mkwe.

Robo saa haijaisha, mlango ukafunguliwa bila hodi. Mama mkwe mbele, kiatu kimoja chake, kingine cha kiume. Nyuma yake mashemeji wawili wamebeba godoro. Kununa kulikuwa kumeshaisha zamani. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, nusu mwili umezama chini ya kochi, natafuta chaja. Walichoona ni miguu tu. Ukelele uliopigwa pale sitausahau.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka uvunguni.

"Anaongea! Mvuteni taratibu!"

Hakuna aliyesikia neno "taratibu". Mashemeji walinivuta kama mzizi wa muhogo, na utosi wangu ukakutana na mbao ya kochi. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Nundu kama limau. Na saa? Kimya. Imezima, chaji imekwisha.

Chaja yenyewe ilikuja kuonekana baadaye, mama mkwe aliponyanyuka kwenye kiti alichokuwa amekalia akinifanyia dua.

Jamani, nilitaka kujua saa tu! Saa ya marehemu baba ilijazwa ufunguo kwa vidole viwili kila asubuhi, na hata siku moja haikumuuliza kalalaje wala haikumwitia wakwe. Ikisimama, anaitikisa, anaitukana kidogo, inaendelea. Hii ukiitukana inakuambia vuta pumzi.

Tena mambo hayakuishia pale. Kuna ile taa ya kijani mgongoni mwake, inayomulika damu ikipita chini ya ngozi ili ihesabu mapigo ya moyo. Mke wangu, kwa nia njema, ameunganisha mapigo yangu na simu ya mama yake. Jana usiku simu ikalia.

"Baba, mapigo 118 saa hizi! Mmegombana?"

"Hapana mama. Nazunguka sebule. Zimebaki hatua 300."