Kidonge cha Kinga au Kipimo cha Kila Wiki? Hesabu ya Mgonjwa wa Figo wa Kusini

Mgonjwa aliyepandikizwa figo Muhimbili au Dodoma anaporudi Masasi au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, mfuko wake wa dawa huwa na vidonge vya aina mbili ambavyo familia haivitazami kwa jicho moja. Vya kwanza ni takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, na hivi vimeshaeleweka: ukiviacha, mwili utaikataa figo. Vya pili ndivyo vinavyozua maneno. Mgonjwa hajaambiwa kwamba ana virusi vinavyomuumiza, lakini anatakiwa ameze dawa ya virusi, valgansiklovia, kila siku kwa miezi 3. Dawa yenyewe ni ghali na inaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Kwa nini atibiwe ugonjwa asioumwa?

Swali hilo halitoki kwa ndugu peke yao. Madaktari wa upandikizaji nao wana kambi mbili kuhusu virusi vya saitomegalo, CMV kwa kifupi, na miongozo ya kimataifa inazikubali zote mbili. Kambi moja inataka kila mwenye hatari aanzishiwe dawa siku za mwanzo kabisa, kabla virusi havijaonekana. Nyingine inasema asipewe kitu. Achukuliwe damu kila wiki, ipimwe kwa PCR ili kujua wingi wa virusi, na dawa ianze pale tu vinapovuka kiwango kilichowekwa. Siku hizi kambi hii ya pili ndiyo inayosifiwa, na ile ya kwanza inaonekana ya kizamani, ya kumwaga dawa ovyo. Kwa mgonjwa anayeishi jirani na maabara kubwa, sina ugomvi na wapimaji. Kwa mgonjwa wa Newala, nadhani tunapewa nusu ya habari.

Nguvu za wapimaji zisidharauliwe. CMV ikishaingia mwilini haitoki. Hujificha, na seli T za kinga hukaa zamu kuizuia isiamke. Takrolimasi hufanya kazi kwa kuzizuia seli hizo hizo zisishtuke, ili zisiishambulie figo iliyotoka kwa mtu mwingine. Maana yake, ulinzi unaopunguzwa kwa ajili ya figo unapungua pia mbele ya virusi. Sasa mgonjwa akikingwa kwa valgansiklovia muda wote, virusi havipandi, lakini seli T nazo hazipati kukutana navyo na kujizoeza. Dawa ikikoma virusi huibuka na kukuta kinga haijajipanga, na mgonjwa anaumwa mwezi wa tano au wa sita, wakati kila mtu alikwishapumua.

Ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia wagonjwa 205 waliopandikizwa ini. Waliopimwa kila wiki na kutibiwa virusi vilipoonekana, asilimia 9 waliugua CMV. Waliomeza dawa ya kinga, waliugua asilimia 19. Na madhara ya kidonge hayajabuniwa: katika utafiti wa mwaka 2023 uliolinganisha dawa mbili za kinga kwa waliopandikizwa figo, asilimia 64 ya waliotumia valgansiklovia walishuka chembe nyeupe, dhidi ya asilimia 26 ya waliotumia letemovia, dawa mpya zaidi. Chembe nyeupe zikishuka sana daktari hulazimika kupunguza maikofenoleti, na hapo figo yenyewe inaingia hatarini kwa sababu ya dawa iliyoletwa kumlinda mwenye figo.

Anayeishia hapo ameshachagua upande. Lakini wagonjwa wale wa ini walipimwa kwa PCR kila wiki kwa siku 100, na ushindi wao wote umesimama juu ya sharti hilo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa London walipima kasi ya CMV ndani ya mwili wa mtu ambaye kinga yake imeshushwa, wakakuta vinaweza kuongezeka maradufu kwa takriban siku moja. Chukua karatasi. Damu imetolewa Jumatatu ikiwa na nakala 1,000 za virusi kwa mililita. Kwa kasi hiyo, Jumatatu inayofuata ni nakala 128,000. Utasema huyo ni mgonjwa mbaya kuliko wote, na wetu wengi wana kinga ya zamani inayovipunguza mwendo. Sawa, tuwape siku 2 za kuongezeka maradufu. Baada ya wiki moja wana nakala kama 11,000. Baada ya wiki mbili wamefika palepale, 128,000.

Na wiki mbili ni muda gani kwa mtu wa Kusini? Damu imetolewa, sampuli imepakiwa, imesafiri, imesubiri sampuli za wengine zitimie ili mashine iendeshwe, majibu yametoka, daktari ameyaona, amepiga simu, simu haikupatikana, amepiga tena, na hapo ndipo dawa inaanza kutafutwa. Hakuna aliyezembea katika mlolongo huo. Kila mmoja amefanya kazi yake, na virusi navyo vimefanya yao. Wiki moja inayopotea njiani si wiki ya kusubiri tu. Kwa hesabu ile ya pili ni mara kumi na zaidi ya virusi. Ndiyo maana sikubali mpango wa kupima kila wiki ukiitwa wa tahadhari zaidi bila kwanza kuuliza majibu yanarudi siku gani.

Kuna jambo la pili ambalo haliguswi sana. Wale wagonjwa 205 walichaguliwa kwa sifa moja: hawakuwahi kupata CMV, na viungo walivyopewa vilitoka kwa watu waliokuwa nayo. Hilo ndilo kundi la hatari kuliko yote. Kwetu mtu mzima wa aina hiyo ni adimu. Katika sehemu kubwa ya Afrika karibu kila mtu hupata CMV utotoni, kwa maziwa ya mama, kwa mate, kwa watoto kulala na kula pamoja. Kaka wa Tandahimba anayempa dada yake figo, yaelekea wote wawili wanayo tangu hawajaota meno yote.

Jambo hili linakata pande zote mbili. Linapunguza hofu: hatari ya wagonjwa wetu wengi ni ya kati, na mpimaji ana haki ya kuuliza kwa nini basi wote wamezeshwe vidonge. Lakini linaing'oa nguzo yake kubwa. Hoja kwamba kidonge kinainyima kinga nafasi ya kujifunza ina uzito kwa mtu ambaye seli zake hazijawahi kuviona virusi. Huyu dada wa Tandahimba, seli zake zilishajifunza zamani. Alichopoteza ni nguvu, kwa muda, katika miezi ile ambayo dozi za kushusha kinga ziko juu kabisa, hasa kama alipewa sindano za kuangamiza seli T siku za upasuaji. Miezi hiyo ndiyo inayofunikwa na kidonge. Nakiri kwamba kuwa na kinga ya zamani si hirizi, kwani figo inaweza kuja na aina nyingine ya CMV kutoka kwa aliyeitoa. Hilo nalo, ukilitazama vizuri, linaongeza sababu ya kukinga. (Mtoto asiye na CMV anayepewa figo na mama yake mwenye nayo ni habari nyingine, na huyo mipango yake hupangwa kivyake, kwa kawaida miezi 6.)

Ongeza homa. Nyanda za juu za Makonde ndiko chikungunya ilikorekodiwa kwa mara ya kwanza duniani, mwaka 1952, na malaria haihitaji utambulisho. Aliyepandikizwa figo akipata homa Newala au Kilwa, daktari wa zamu ana orodha ndefu ya watuhumiwa, na prednisoloni inaweza kuificha homa yenyewe hadi mambo yamekwisha kuharibika. Mgonjwa aliye kwenye valgansiklovia kwa dozi sahihi, CMV inasogea chini sana kwenye orodha hiyo. Unafuu huu hauandikwi kwenye majedwali ya tafiti za nchi ambazo PCR hutoa majibu jioni ileile.

Wapimaji wana jibu zuri kuhusu umbali, na inafaa lisikike. Wanasema mbona sampuli za wingi wa virusi vya UKIMWI zinatoka vituo vya vijijini kila siku na kufika maabara? Damu ikitenganishwa mapema na plazima, yaani majimaji yake, ikahifadhiwa kwenye baridi, inasafiri vizuri. Kweli kabisa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, iliyozinduliwa rasmi Septemba 2023, ndiyo mahali pa kuanzia kazi hiyo. Ila kipimo cha UKIMWI kwa mtu aliyetulia kwenye dawa hufanywa mara moja au mbili kwa mwaka, na kikichelewa wiki mbili mara nyingi hakuna kinachoharibika. Huwezi kulinganisha na kipimo cha kila wiki ambacho thamani yake yote iko kwenye siku ya majibu. Na tukumbuke Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga. Mwenye miezi yake 3 ya vidonge kabatini alikuwa na dawa. Mwenye mpango wa kupimwa Jumatatu alikuwa na foleni.

Kinachonielemeza upande wa kidonge hasa ni hiki: madhara yake yanaonekana kwa vipimo vya karibu. Chembe nyeupe zikishuka, picha kamili ya damu itaonyesha, na hicho ni kipimo cha hospitali ya mkoa, Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi. Dozi ikihitaji kupunguzwa kwa sababu ya figo, kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, itasema. Hatari ya kutomeza, kinyume chake, inaonekana kwa kipimo cha mbali tu.

Fedha ndiyo hoja iliyobaki, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote za upande wa pili. Familia inayotegemea korosho hupata fedha minada inapolipa, kisha hukaa miezi mingi mikavu. Dawa ghali ikianza Aprili, kuna kishawishi cha kuigawa, kidonge kimoja badala ya viwili, au siku moja ndiyo na moja hapana. Hilo ni baya kuliko kutomeza kabisa, kwa sababu virusi vinavyoonja dawa kidogo hujifunza kuihimili. Anayependekeza kinga ya vidonge bila kuhakikisha miezi 3 yote imelipiwa kabla mgonjwa hajapanda basi la kurudi nyumbani, anapendekeza kitu kingine. Hapo wapimaji wananizidi.

Halafu kuna BK, virusi ambavyo vinaharibu utulivu wa kambi zote mbili. Viligunduliwa mwaka 1971 kwenye mkojo wa mgonjwa wa Sudan aliyepandikizwa figo, na vikabaki na herufi za jina lake. Watu wazima wengi duniani wanavyo bila kujua. Kwa aliyepandikizwa vinaweza kuila figo mpya kimyakimya, na havina dawa iliyothibitika, si ya kukinga wala ya kutibu. Tiba ni kupunguza dawa za kushusha kinga ili seli T zirudi kazini. Balaa ni kwamba dalili ya kwanza huwa kreatinini kupanda, na figo inayokataliwa na mwili nayo huonyesha hivyo hivyo. Matibabu yake yanapingana: huku unaongeza dawa za kushusha kinga, kule unazipunguza. Ukikisia vibaya umeimaliza figo kwa mkono wako.

Kwa BK, basi, hakuna kukwepa PCR, na ratiba yake inabebeka: kila mwezi hadi mwezi wa 9, kisha kila miezi 3 hadi miaka 2 itimie. Hapo ndipo ningependa safari chache za sampuli ambazo mgonjwa wa Kusini anaweza kuzimudu zitumike. Akingwe CMV kwa vidonge katika miezi 3 ya mwanzo, apimwe picha ya damu na kreatinini Mtwara au Lindi, na plazima yake isafiri mara moja kwa mwezi kwa ajili ya BK. Vidonge vya CMV vikiisha, wasiwasi wa wapimaji kuhusu ugonjwa wa kuchelewa unakuwa halali tena, na sampuli ileile ya mwezi wa 4, wa 5 na wa 6 inaweza kupimwa CMV pia bila mgonjwa kuchomwa sindano ya ziada.