Baipasi imefika, na sisi wa feri je?

Juzi shemeji yangu kashuka na familia kutoka Nairobi, gari jipya, hewa baridi ndani, watoto nyuma wanacheza gemu, na akafika kwetu Ukunda bila hata tone la jasho mgongoni. "Nimepita Dongo Kundu, feri sikuiona hata rangi yake." Dongo Kundu ndiyo hiyo baipasi, barabara inayotoka Miritini ikazunguka kisiwa cha Mombasa mpaka kwetu pwani ya kusini bila kuvuka feri ya Likoni. Karibu shemeji, nikamwambia. Sasa akiwa yuko katikati ya samaki wa kupaka wa mamangu, mkono wote umejaa nazi, akanitupia swali: "Kwani nyinyi bado mnapanda feri?"

Kwani tupande nini shemeji, ngamia?

Wallahi sikumjibu hivyo, mgeni ni mgeni, lakini swali lile limenikaa kooni mpaka leo kwa sababu si yeye peke yake. Washa redio, fungua Facebook, kila mtu anasema shida ya Likoni imekwisha. Video za droni juu ya daraja la Mteza la hiyo baipasi na muziki wa kihindi chini yake, maoni ni "Mombasa imekuwa Dubai", mwengine anauliza kama ile mikoko ni ya kweli. Eti feri sasa ni historia. Nikasema hapana, hii leo lazima niiandike.

Wacha niipe baipasi haki yake kwanza msije mkanipiga mawe. Hii barabara tumeisikia tangu enzi za Moi, kila uchaguzi inajengwa midomoni, uchaguzi ukiisha inalala. Kisha kweli wakaanza. Kipande cha Miritini hadi Mwache pamoja na kile cha kushukia Kipevu kikafunguliwa 2018, tukaambiwa vumilieni kidogo. Kidogo! Kazi yenyewe ilikuwa hapo kati, Mwache mpaka Mteza, ambako hakuna ardhi ya maana, ni maji na matope na mikoko, ndipo pakajengwa daraja la Mwache la mita 660 na lile la Mteza la mita 1,440, na upande wetu kipande cha Mteza hadi Kibundani kikatokezea barabara ya Lunga Lunga. Pesa nyingi ni mkopo wa Mjapani kupitia JICA, shirika lao la maendeleo, tutalipa sisi na wajukuu zetu, lakini angalau safari hii mkopo unaonekana kwa macho. Mwaka 2024 vipande vikaungana, magari yakaanza kupita moja kwa moja. Nimepita mwenyewe na nitakubali, ingawa sipendi, kwamba ni kazi safi. Malori ya Tanzania hayana tena haja ya kupigana na tuktuk pale kwenye rampu ya feri, wenye hoteli Diani wanachukua wageni wao kwenye stesheni ya treni ya SGR pale Miritini bila kuomba dua, na kuna matatu zinakwenda huko huko SGR. Zamani kama feri imekataa na una haraka ilibidi uzunguke Kinango mpaka utokee Mariakani, vumbi mpaka kwenye meno, kwa hiyo anayesema hii si maendeleo muongo.

(Ila nyinyi mnaosimamisha gari katikati ya daraja mpige selfi na mtoto kakalishwa juu ya ukingo, Mungu anawaona.)

Haya sasa. Baipasi imemsaidia nani? Mwenye gari. Basi. Mtu wa Shika Adabu huku Likoni anayefanya kazi ya kushona Majengo kisiwani, ukimwambia apite Dongo Kundu unamwambia arudi nyuma kusini mpaka Kibundani, apande Mteza, Mwache, atokee Miritini, aingie jam ya Changamwe, avuke Makupa, ndiyo afike mjini. Na mahali anapokwenda anapaona kwa macho akiwa amesimama kwake ng'ambo! Kwa feri ni dakika chache za maji na ni bure kwa anayetembea kwa miguu. Nauli ya kuzunguka huko kwenda na kurudi ukiitoa kwenye kibarua cha siku unabaki na nini, pesa ya unga? Kwa hiyo watu wa miguu wako pale pale walipokuwa. Hesabu inayotajwa miaka yote ni zaidi ya watu laki tatu kwa siku. Hao hawakuhamia kwenye droni.

Lakini hilo la nauli kila mtu analijua na si ndilo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni hili. Ile feri ilikuwa na kitu kimoja kizuri ambacho hakuna aliyekipangia, nacho ni kwamba ilitukwamisha sote pamoja. Mkurugenzi wa hoteli alikwama, mtalii mwenye ndege ya saa nane alikwama, mheshimiwa na V8 yake na king'ora chake naye mwishowe alikuwa lazima asimame juu ya chuma kile kile pamoja na hamali na mkokoteni wake wa machungwa. Feri mbili zikiharibika asubuhi moja, ilipofika saa nne simu zilikuwa zishapigwa Nairobi, kwenye taarifa ya habari ya saa saba tuko, jioni kuna mtu mkubwa amevaa jaketi la kuokolea analoliogopa yuko pale anatoa ahadi. Ahadi nyingi zilikuwa za uongo, sikatai, lakini walikuwa wanakuja kudanganya wenyewe, kwa miguu yao. Mmoja wao jasho lilipomtoka mbele ya kamera tulijua hapa kutanunuliwa feri.

Sasa wale wote wana njia yao. Mkurugenzi yuko Mteza, mtalii yuko Mteza, V8 iko Mteza kilomita mia na ushee kwa saa. Pale kwenye rampu tumebaki kina nani? Mama wa vitumbua, wanafunzi, mafundi, walinzi wanaotoka zamu ya usiku, mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Makadara. Kesho feri tatu zikifa injini, nani atapiga simu, na itapokelewa na nani? Mimi naogopa siku hiyo kuliko ninavyoogopa maji yenyewe.

Na msiniambie naota. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, kivuko kingine hapa hapa Mombasa, ilizama, watu 272 wakafa, watu wa kwenda kazini asubuhi. Huduma ya Mtongwe ikaja ikasimama, 2017 ikarudishwa kwa ngoma na hotuba, kisha ikasimama tena, na umesikia makelele gani Nairobi? Hakuna, kwa sababu Mtongwe ilikuwa ya watu wa miguu. Sasa linganisha na 29 Septemba 2019, gari liliposerereka likatoka kwenye feri hapa Likoni na mama na mwanawe ndani, Mungu awarehemu. Karibu wiki mbili nchi nzima ilikuwa imesimama inatazama maji yale, wapiga mbizi, jeshi la majini, kamera za kila namna, na kila mwenye gari Kenya alikuwa anajiuliza ingekuwa mimi je. Hapo ndipo watu walipokumbuka kuuliza milango ya feri inafungwa vipi. Sisi tuliokuwa tunapanda kila siku tulikuwa tumeiona ile milango haifungi sawasawa, kule mbele chuma kinaburuta maji na kelele yake ile, tukisema tunaambiwa tusiingilie kazi ya watu.

Hata daraja la kuelea la Liwatoni, lile la watu wa miguu la shilingi bilioni 1.9, lilikuja kwa sababu ya korona. Msongamano ulikuwepo miaka hamsini, lakini ilipojulikana kwamba jasho letu linaweza kuambukiza wengine, ndani ya miezi kukawa na daraja. Januari 2021 tunalikanyaga. Kwa hiyo wanaweza, tena haraka, wakitaka!

Ukitaka kuelewa ninachosema njoo jioni, upande wa kisiwani, usije na gari. Simama kwenye kile kibanda cha kusubiri lango lifunguliwe. Kuna joto lake pale ambalo si la jua, ni la watu. Mbele yako kuna begi la mtoto wa shule limekubana tumbo, nyuma yako kuna mtu na beseni la samaki, maji ya samaki yanashuka taratibu ndani ya kiatu chako na huna pa kusogeza mguu. Kipaza sauti kinasema msikimbie. Lango likifunguliwa wote tunakimbia. Bibi mmoja nilimwona mwezi huu kashika kandambili zake mkononi kabisa, amejiandaa, anajua kandambili ikivuka kwenye mteremko ule hutairudia. Nikamwambia bibi pita polepole, akaniangalia akacheka, "Mjukuu wangu, ukienda polepole hapa unapanda feri ya kesho."

Watasema subiri daraja kubwa la Mombasa Gate la kuunganisha kisiwa na Likoni linakuja. Nitasubiri, nimesubiri mengine. Watasema baipasi imepunguza magari kwa hiyo feri zina nafasi. Ni kweli foleni ya magari imepungua siku nyingi, hilo nimeliona, lakini watu wa miguu wamepungua lini? Halafu kuna ya wale wa Tsunza na Dongo Kundu wenyewe na kelele zao za fidia, hiyo ina makala yake siku nyingine kwa sababu nikianza hapa sitamaliza.

Mimi siombi makubwa. Wekeni mabasi ya umma juu ya hiyo baipasi, nauli ya mtu wa kibarua, yatoke Likoni yenyewe na si Diani kwa wageni. Mtongwe irudi na ibaki. Feri zifanyiwe sevisi kabla hazijafa, siyo baada. Na 2027 haiko mbali, waheshimiwa mtakuja Likoni kuomba kura, tunawapenda, karibuni sana, ila msije kwa Mteza. Shukeni kisiwani, pitieni lango la watu wa miguu, saa kumi na moja jioni, na viatu vya kufunga kamba.