Kama hamna, semeni hamna

Wenye maduka ya spea hapa Kisumu, nawaomba kitu kimoja tu: kama hamna, semeni hamna. Gari langu ni Peugeot 504 saluni, ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Sasa beringi ya difu, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu, imekufa na gari linalia nyuma kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Wiki ya tatu nazunguka. Ukiingia dukani, kijana hata hatazami ulichobeba. "Ya pikapu itaingia tu, mzee." Haiingii! Pikapu ya 504 ina ekseli nzima nyuma, mhimili mmoja toka gurudumu hadi gurudumu. Hili langu kila gurudumu la nyuma lina shafti yake. Nimeeleza haya mpaka koo likakauka.

Juzi mmoja akanifungia kitu kwenye gazeti, nikalipa, nikapanda boda hadi kwa fundi pale Kibuye. Kufungua: beringi mpya kabisa, grisi imepakwa vizuri, ila tundu lake halipitishi hata kidole gumba. (Fundi alicheka. Mimi sikucheka.) Nikarudi kubadilisha. Kijana akanyoosha kidole ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Halafu akaniuliza kama nauza gari.